Tuliijaribu kwa Chumvi ya Dukani

Nianze na hasira, maana nikianza kwa upole nitajidanganya.

Ukitaka kumtukana mama mtu mzima mbele ya wenzake bila kutoa tusi hata moja, mwambie chumvi yake ni mbovu. Nilikuwepo siku maneno hayo yaliposemwa kule Ivuna, na nilikuwa nimesimama upande wa waliotukana, kwa sababu mashine iliyokwama katikati yetu nilikuwa nimeichora mimi.

Hapana, niseme sawa. Tuliichora watatu, mimi nikiwa mkubwa wao. Na aliyetamka yale maneno hakuwa mimi. Lakini mtu akikuona umeshuka gari moja na msemaji, hana sababu ya kuanza kuwatenganisha.

Nafanya kazi katika karakana moja hapa Tunduma, nyuma kidogo ya barabara ambako malori hupanga foleni kuvuka mpaka. Tunatengeneza mashine za kumenya kahawa, za kukoboa mpunga, matela ya trekta, chochote mteja anachokihitaji na hakipo dukani. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa naongoza usanifu. Mteja akija na shida yake, mimi ndiye niliyekuwa nasema mashine itakuwa na umbo gani, chuma gani kitumike, nani achomelee na nani achonge. Watu huniita injinia. Wateja wanaovuka kutoka Zambia huniita "ba injinia", kwa heshima, nami huitika, ingawa kila nikiitika kuna kitu ndani kinanisuta. Niliishia darasa la saba kwetu Isansa. Kuchomelea nilifundishwa na mtu, cheti cha ufundi nilikuja kukipata nikiwa tayari nina watoto. Kwa hiyo nikipandwa na hasira huwa najiuliza kwanza: hii ni hasira ya haki, au ni ya mtu anayeogopa kuonekana hajui? Mara nyingi sipati jibu. Safari hii naamini nililipata, lakini msomaji ataamua.

Kwetu mchoro huanza sakafuni. Tunafagia sehemu moja ya saruji, tunachora kwa chaki, ukubwa ule ule wa mashine yenyewe. Shafti inapita hapa, mkanda hapa, mdomo wa kumwagia hapa. Fundi akitaka kujua urefu wa kipande, anaenda kukilaza juu ya mstari. Na mchoro ukiwa pale chini haukanyagwi. Unauruka au unauzunguka, hata kama umebeba kitu kizito. Anayekanyaga anawanunulia wote soda. Sheria hiyo aliileta tajiri wetu mwenyewe, zamani, alipokuwa anachomelea chini ya turubai akiwa na mashine moja ya kuazima. Sisi tunamwita Mzee. Naye alikuwa akiuzunguka mchoro kama wengine, tena kwa kujivuta suruali juu kidogo, kama anapita kwenye maji.

Akina mama wa Ivuna walikuja mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Walikuja wawili. Aliyeongea ni mwenyekiti wa kikundi chao, mama mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye ukitaka kumsikia unalazimika kunyamaza. Alieleza kwamba wao wanachuja udongo wenye chumvi, wanachemsha maji yake mpaka yakauke, wanapata chumvi ya mabonge. Chumvi ya mabonge wanunuzi wanaichukua kwa ajili ya ng'ombe. Ili iliwe na watu, iingie kwenye pakiti na kuuzwa kihalali, lazima itiwe madini joto, na madini joto hayachanganyiki na bonge. Lazima isagwe.

"Tunataka chumvi yetu irudi mezani," alisema. "Nyie wa milimani zamani mlikuwa mnaila. Sasa mnakula ya pakiti, yetu mnawapa ng'ombe."

Walitaka mashine iwafikie kiangazi kikianza, maana kiangazi ndicho msimu wa kupika chumvi. Masika maji yanafunika kila kitu. Na walikuwa wameweka kwenye mashine hiyo kila walichokuwa nacho, kikundi kizima. Alilisema hilo bila kulialia: "Hii ikikataa, hatuna ya pili."

Mimi nilikuwa namsikiliza huku nikimuona mama yangu. Nikiwa mdogo, chumvi yetu Isansa ilikuwa ni hiyo hiyo ya Ivuna. Ililetwa na watu waliopanda nayo kutoka bondeni, ya kijivu, imefungwa kwenye mfuko. Mama alikuwa anaining'iniza juu ya moto, kwenye mti wa paa, chini yake anaweka bakuli. Usiku kucha ilikuwa inadondosha matone. Tuliambiwa tusiiguse mpaka iache kulia. Kwa hiyo nilijua. Jambo hili ndilo linaloniuma mpaka leo: kwamba nilijua chumvi ile ni ya maji.

Nilimwambia Mzee siku ile ile. "Mzee, chumvi yao inatoa maji."

"Chumvi ni kama mahindi tu," alinijibu. "Inaingia kubwa, inatoka ndogo."

Mtu wa mbali hawezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo. Huku kwetu kila kinachosagwa ni mahindi. Mtoto wa huku Mbozi anazaliwa anasikia mashine ya kusaga, anakua akitumwa kwenye mashine ya kusaga, na akiwa fundi, mashine ya kwanza kuitengeneza ni ya kusaga. Ukituletea jiwe tulisage, kichwani tutaliona lina ganda na kiini. Basi tukachora mashine ya nyundo, zile bapa za chuma zinazozunguka na kupondaponda, na chini yake chekeche. Nami niliongoza mchoro huo. Sikupigana. Nilisema mara moja, nikachukua chaki.

Aliyeuliza swali lililotakiwa ni mhandisi mwenzetu, binti mwenye shahada, ambaye alikuwa chini yangu kwa cheo na juu yangu kwa hesabu. Tumeelewana siku zote, ingawa mwanzoni nilikuwa namwogopa. Alichuchumaa pembeni ya mchoro, akasema:

"Baba, kuna mtu hapa ameishika hii chumvi? Siyo kuisikia. Kuishika."

Fundi wetu wa kuchomelea, mtu wa Ileje, mwimbaji wa kwaya asiyeacha utani hata akiwa amevaa ngao usoni, alijibu, "Mimi nimeilamba tu."

"Basi tusikate chuma," binti alisema, "mpaka yaletwe magunia mawili kutoka kule."

Nilikubaliana naye, na safari hii niliongea kwa nguvu. Tukapiga simu. Mwenyekiti akasema magunia yapo, ila barabara imekatika huko chini, tusubiri maji yapungue. Mzee aliposikia neno "tusubiri" akatoka ofisini kwake. Alikuja moja kwa moja mpaka tulipokuwa. Hakuuzunguka mchoro. Alipita katikati yake, kwa viatu, mstari wa shafti ukabaki kwenye soli yake.

"Mimi nimeahidi watu," alisema. "Wale mama wananipigia kila kukicha. Kuna jamaa upande wa pili wa mpaka anawauzia mashine iliyokwisha tengenezwa, inatoka kwenye kontena. Mkisubiri maji yapungue, mtasubiria majumbani kwenu, bila kazi."

"Mzee, tujaribu kwanza kwa chumvi yao," nikasema.

"Chumvi si chumvi?"

"Siyo sawa, Mzee."

Akanitazama, na wote walikuwa wananitazama. "Injinia wa darasa la saba," alisema, kwa sauti ya mtu anayetania. "Hicho cheo nilikupa mimi."

Hakuna aliyecheka. Fundi wa kuchomelea akachuchumaa, akaanza kuurudia mstari uliofutika. Hakuna aliyedai soda.

Nataka kuwa wa haki. Mzee hajawahi kutuchelewesha mshahara. Alichosema kuhusu yule mtu wa kontena kilikuwa kweli, nilikuja kuthibitisha. Na mtu anayebeba karakana nzima mgongoni anasikia neno "kusubiri" tofauti na anayelisema. Yote hayo nayajua. Lakini nayajua nikiwa na hasira, na sioni kwa nini kimoja kifute kingine.

Mashine ikaisha. Ilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya bluu, na injini ya dizeli imekaa vizuri kwenye fremu yake. Siku ya majaribio Mzee alituma mtu dukani. Alirudi na katoni za chumvi ya pakiti. Tukazichana, pakiti moja baada ya nyingine, tukamwaga. Mashine ikaimba. Chumvi ikatoka chini nyeupe, laini, inateleza kama maji. Mzee akapiga makofi, akarekodi video, akaituma Ivuna saa hiyo hiyo. Majirani waliokuja kuangalia nao wakapiga makofi.

Fundi wa kuchomelea akaniinamia sikioni. "Mkuu, leo tumemnyoa mwenye upara."

Nilicheka. Ni kweli, nilicheka. Tulikuwa tumesaga chumvi iliyokwisha kusagwa na watu wengine, kwa mashine yao, huko walikoifungia kwenye pakiti, halafu tukajipongeza. Binti hakucheka. Alikusanya pakiti tupu, akazikunja, akazitupa, akaenda kunawa.

Tuliipeleka maji yalipopungua. Tuliteremka bondeni, baridi ya Tunduma ikabaki juu na makoti yetu tukayavua njiani mmoja mmoja. Tulipofika Kamsamba jua lilikuwa tayari kali na wachungaji walikuwa wanavusha ng'ombe barabarani bila haraka. Mzee alikuja mwenyewe. Hilo nalo ni la haki kulisema, wenye karakana wengine hutuma watu. Alikuwa na furaha, alitununulia samaki wa kukaanga, akasimulia jinsi alivyopita njia hiyo zamani na baiskeli.

Akina mama walikuwa wamevaa vitenge vya sare. Walitupokea kwa wimbo. Mashine ikashushwa, ikawashwa. Mwenyekiti akaja na karai la chumvi yao, ya kijivu, yenye mabonge kama ngumi na maji yakimeremeta. Nilipoiona tu, nikamuona mama na bakuli lake chini ya paa.

Karai la kwanza liliingia nusu, nusu nyingine ikagoma mdomoni, ikajishikilia yenyewe kama daraja. Mzee akasukuma kwa kijiti. Ikaanguka yote kwa pamoja. Mashine ikabadilisha sauti. Chini haikutoka chumvi, ulitoka uji mzito, halafu ukaacha. Chekeche lilikuwa limejaa tope la chumvi, nyundo zinapiga tope, mkanda ukaanza kuteleza, tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Binti ndiye aliyekimbia kuizima.

Wimbo ulikuwa umekoma kitambo.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hasira yangu haieleweki. Makubaliano yalikuwa hivi: mashine ikigoma kwa kosa la utengenezaji, tunaichukua na kuitengeneza upya sisi. Ikigoma kwa kosa la mtumiaji, ni juu yake. Kwa hiyo Mzee aliposimama kusema, hakuwa anasema tu.

"Akina mama, mashine haina kosa," alisema. "Video mliiona wenyewe. Tatizo ni chumvi. Ina maji, ina majivu. Hii ni chumvi mbovu. Ianikeni kwanza ikauke kabisa, ndipo muilete kwenye mashine."

"Mbovu?" mwenyekiti aliuliza.

"Haiifai mashine."

Nyuma mama mmoja akapaza sauti: "Kumbe sisi tulitakiwa kutafuta chumvi ya kuifaa mashine! Sisi tukadhani ni mashine ya kuifaa chumvi!" Wakacheka, lakini si kicheko cha kukaribisha mgeni.

Mwenyekiti hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Wewe, baba. Nani aliichora hii?"

"Mimi."

"Nawe unasema chumvi yetu ni mbovu?"

Mzee alikuwa amesimama upande wangu wa kulia. Sikumtazama, lakini nilijua jinsi anavyonitazama. Niliwaza cheo. Niliwaza nyumba. Niliwaza pia, na hili ni la kijinga, kwamba sina shahada, na mtu asiye na shahada akisema mashine yake ina kosa, watu watasema ni kwa sababu hiyo. Lakini juu ya mawazo hayo yote kulikuwa na hasira, nayo ilikuwa kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa, aliyetulea kwa chumvi ile na hakuwahi kuiita mbovu. Alisema tu haijaacha kulia.

"Hapana, mama," nikasema. "Chumvi ni nzima. Kosa ni letu. Hatukuijaribu kwa chumvi yenu. Tuliijaribu kwa chumvi ya dukani."



"Ya dukani?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa ameketi. "Ile ya pakiti?"

"Ile ya pakiti, bibi."

"Mlisaga iliyosagwa?"

"Ndiyo."

Safari hii walicheka kweli. Bibi akapiga kiganja kwenye goti. "Jamani! Hawa si wangeleta na maji wayaloweshe!" Nilisimama katikati ya kicheko hicho na nikaona ninastahili kuwa hapo.

Nilidhani mwenyekiti atanishukuru. Naandika hilo ili nijione nilivyo. Alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Sasa huo ukweli wako tuufanyeje? Tuusage? Kiangazi ndiyo hiki. Moto umeshawashwa. Ungeusema huko huko kwenu, tungekuwa tumeusikia kwa simu."

Akamgeukia Mzee. "Tajiri, umemsikia mtu wako. Irudi. Na chumvi iende nayo, msije mkasema tena hamkuipata."

Wakapakia magunia wenyewe, juu ya mashine, yakidondosha maji juu ya rangi yetu ya bluu. Tukapanda mlima kurudi. Tulipoanza kuhisi baridi Mzee akasema, bila kugeuka, "Umenivua nguo mbele ya akina mama."

"Mzee, nilikuambia."

"Uliniambia. Hukutakiwa kuwaambia wao."

Asubuhi ya Jumatatu alitukusanya na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo usanifu utaongozwa na binti. Hakutoa sababu. Nilitegemea binti akatae, au hata asitesite kidogo. Hakusita. Aliitikia, "Sawa, Mzee," akachukua chaki.

Nilimkasirikia zaidi kuliko nilivyomkasirikia Mzee. Mchana nilimfuata kwenye pipa la kunawia.

"Hata kusita hukusita."

"Baba, nikikataa atamweka nani?" alisema. "Atamweka mtu atakayemwitikia kila kitu. Halafu wale mama wapelekewe mashine ile ile na rangi mpya. Wewe kasirika. Ila kesho njoo mapema, nataka tuangalie hiyo chumvi inavyoteremka."

Ni vigumu kumkasirikia mtu anayekupa ruhusa. Niliendelea hivyo hivyo siku kadhaa, lakini nilikwenda mapema.

Tulilaza bati, tukaweka juu yake chumvi ya Ivuna, tukaliinua polepole upande mmoja. Mahindi yangekuwa yameanguka zamani. Chumvi ilikaa. Tukaliinua mpaka likakaribia kusimama kama ukuta, ndipo ikashuka. Binti akachora mstari ukutani mahali bati lilipofika. "Mdomo wetu wa zamani ulikuwa hapa," alisema, akionyesha chini kabisa. Nilitazama umbali kati ya mistari hiyo miwili, na nikaona aibu yenye vipimo.

Tukaacha nyundo, tukaacha chekeche. Yeye alichora magurudumu mawili yenye meno, yanayozunguka kuelekeana, bonge lipite katikati. Mimi nililalamika kwamba tope litajaza meno, akasema, "Ndiyo, kwa hiyo?" Nikachora vikwangua, vipande bapa vinavyolamba meno kila yanapozunguka. Jaribio la kwanza likakwama. La pili likakwama kidogo. Karakana nzima ilikuwa inanata, vifaa vikaanza kupata kutu, fundi wa kuchomelea akaimba wimbo wa mke wa Lutu kila alipopita kwenye magunia.

Rangi nayo ilikuwa imebanduka pale magunia yalipokaa njiani. Tukasema sehemu zote zinazogusa chumvi lazima ziwe chuma cha pua, kisichoshika kutu, na hapo nikategemea vita. Baada ya siku chache gari likaingia na kipande kikubwa cha tanki la mafuta ya kula, la lori lililopinduka mteremkoni. Mzee alikwenda kulinunua mwenyewe. Alilishusha, akasema kata hapa na hapa, akaingia ofisini. Naandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa lingekuwa jepesi kwangu kama asingefanya hivyo.

Kiangazi kilikuwa kimekwenda nusu tuliporudi Ivuna, mimi, binti na fundi wa kuchomelea. Mzee alisema ana wateja. Nusu ya msimu wa wale mama ilikuwa imeliwa, na hakuna kikwangua cha kuirudisha. Hawakuvaa sare. Hawakuimba. Mwenyekiti alisalimia, akapita pembeni yetu mpaka kwenye lundo, akaanza kuchimba chini kabisa, kule maji yanakokusanyika na majivu yanakoshukia. Akajaza karai.

"Leo naanza na hii," alisema. "Mkitaka nzuri, mtaiona baadaye."

Binti akaniangalia. Nami nikaangalia vikwangua vyangu.

Mwenyekiti alimwaga mwenyewe. Mashine ikaguna, kwa uzito, kama mtu anayepanda na mzigo. Mkanda haukuteleza. Chumvi ikashuka mdomoni bila kusukumwa, ikapotea, na chini ikaanza kutoka, ya kijivu, yenye unyevu, imevunjika punje punje. Akamwaga karai la pili. La tatu akampa mwingine amwage, akaja kuinama kwenye tundu la kutokea. Alichukua kidogo, akasugua kati ya vidole, akailamba.

"Hii ni yetu?"

"Ni yenu, mama," nikasema.

"Hamkuiongezea kitu?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa taratibu. Nyuma yake wenzake walikuwa wameanza kusogea na makarai, wanasukumana mabega, na yule bibi wa siku ile alikuwa anaelekeza watu kwa fimbo. Madini joto yalikuwa kwenye ndoo, tayari, yamefunikwa. Yeye hakugeuka kuwatazama.

"Basi kamwambie tajiri wako haikuwa mbovu," alisema. "Mwambie kama nilivyosema. Usimpambie."

Nimebeba vitu vizito katika kazi hii, lakini maneno hayo yalinichosha njia nzima. Nilitafuta namna ya kuyalainisha. Nilipanga kusema kwamba akina mama wanasalimia, kwamba mashine inafanya kazi vizuri, halafu hapo katikati niyachomeke. Kisha nikaona huko ndiko kupamba.

Nilimkuta Mzee karakana, pembeni ya mtu aliyekuwa anakata chuma kwa grenda. Cheche zilikuwa zinaruka, kelele imejaa. Nilisimama mbele yake.

"Mzee, mwenyekiti wa Ivuna amesema nikuambie: haikuwa mbovu."

Akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa, kwamba hasikii. Akageukia grenda kana kwamba kuna kitu cha kusimamia pale.

Ningeweza kuondoka. Ujumbe nilikuwa nimeutoa, na mimi si mtu wa kurudia maneno. Nilibaki nimesimama. Yule fundi akamaliza kukata, kipande kikaanguka, grenda ikapunguza mlio mpaka ikanyamaza, na kimya kilichofuata kikawageuza watu wote walipokuwa.

"Chumvi ya Ivuna," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "haikuwa mbovu."

Mzee alinitazama. Hakukasirika, au alikasirika na akaificha, sijui.

"Nilikusikia mara ya kwanza," alisema.

Akaondoka kwenda ofisini. Katikati ya njia palikuwa na mchoro mpya wa binti, mashine ya mpunga ya mteja wa Kamsamba. Alisimama ukingoni, akajivuta suruali juu kidogo, akauzunguka.